Nawa Kwanza

Mtu mzima akikudanganya mara tatu mfululizo bila kupepesa macho, mwisho unaanza kujishuku mwenyewe. Ndivyo alivyojisikia Mhandisi Sechelela asubuhi ile, akiwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha Shomvi katika zahanati ya Nyavuni. Tangu saa mbili alikuwa ameuliza swali moja tu, na alikuwa amepewa jibu moja tu.

"Nilinawa, dada mhandisi. Wallahi nilinawa kabla ya kuingia."

"Shomvi, hukunawa."

"Nilinawa. Tena vizuri."

Tena vizuri! Sechelela alifumba macho akahesabu mpaka tano, kama mama yake alivyomfundisha, halafu akahesabu tena kwa kuwa ya kwanza haikufaa kitu. Akainua kipimo cha Shomvi, kile kibangili chenye mshale ambacho kila mtu wa Nyavuni huvaa mkononi tangu anapoanza kutembea, na mgeni tangu anapofika. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, lakini kumbukumbu yake ilikuwa nzima.

"Hiki hakina shangazi wala mjomba," akasema. "Kinasema juzi saa nne na dakika nane uliingia kwenye kinu cha unga ukiwa na volti elfu ishirini na sita mwilini. Mtu aliyenawa anaingia na sifuri. Sifuri, Shomvi! Sasa mimi nikuamini wewe au hiki?"

Shomvi aliitazama mikono yake miwili iliyofungwa bandeji mpaka karibu na viwiko. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mpole wa sauti, aliyetoka delta ya Rufiji baada ya bahari kuichukua nyumba yake na shamba lake la mpunga. Alikuwa na siku kumi na mbili tu tangu afike bondeni Bahi.

"Niamini mimi," akasema. "Kifaa huharibika."

Sechelela alitamani kumtikisa mabega. Hakuwa amekuja kumwangamiza. Sheria ya Nyavuni ilikuwa wazi: anayeingia mahali pa hatari bila kunawa na mtu akafa, akikiri, hubaki mjini akamfanyia kazi aliyefiwa mpaka aliyefiwa aseme basi. Akikana na kipimo kikamkana, hutolewa bondeni. Na kutolewa bondeni msimu huu, kilomita mia mbili za vumbi, na mikono iliyoungua, ilikuwa njia ndefu ya kusema kuuawa. Baraza lilikuwa kesho. Neno moja tu lingemponya mtu huyu, naye alikuwa amelikalia kama kuku juu ya mayai viza.

"Sikiliza, kaka yangu. Sema tu, nilisahau. Watu husahau. Hata mimi nimewahi kusahau."

"Lakini sikusahau."

"Nyemo amekufa!"

"Najua." Sauti ya Shomvi ikapasuka. "Nilimwona akianguka. Sitamwongezea uongo juu ya kifo, dada. Hapana."

Ubishi wa kondoo, Sechelela akajisemea, akasimama kuondoka.

Watu wa Nyavuni hawakuwa wabaya kwa kulishikilia jambo hili. Waliishi kwa vumbi na walikufa kwa vumbi. Vitu viwili vikisuguana, kimoja humwibia mwenzake vijichembe vya elektroni. Aliyeiba hubaki na chaji hasi, aliyeibiwa hubaki na chaji chanya, na tangu hapo wawili hao hutafutana kama wachumba waliotenganishwa na wazazi. Penye hewa yenye unyevu hutauona wizi huo, maana chaji huvuja taratibu ikaisha. Lakini hewa ya bonde, tangu mvua zilipolikimbia, ilikuwa kavu kama ganda la karanga. Nyavu mia nne zilisimamishwa ukingoni, upepo ukazisugua kwa vumbi mchana kutwa, na chaji iliyopatikana ikahifadhiwa katika mitungi mikubwa ya vioo na bati. Mitungi hiyo ndiyo iliyowasha taa, ikasukuma maji ya kisima, ikaendesha mashine za zahanati hii.

Kilichotokea kwenye nyavu kilitokea kwenye miili pia. Suruali ilisugua mapaja, soli ya mpira ilisugua sakafu, na mtu akatembea akiwa ameibeba chaji asiyoiona. Kikulacho ki nguoni mwako, na Nyavuni methali hiyo waliichukua neno kwa neno. Ndiyo sababu kila mlango ulikuwa na nguzo ya shaba iliyozama ardhini mita nane, mpaka kwenye udongo wenye unyevu. Ukiishika, chaji yote hushuka, na ardhi ni pana, haishibi. Kitendo hicho ndicho walichokiita kunawa. Bila kunawa humpi mzee mkono, humbebi mtoto, na kinuni, ambako unga wa uwele huelea hewani kama moshi, huthubutu hata kuchungulia. Juzi Shomvi aliingia na gunia, akaushika mdomo wa chuma wa kinu, cheche ikaruka kutoka kidoleni, na hewa yote ikawaka. Yeye alikuwa karibu na mlango, akarushwa nje. Nyemo, msagaji wa pale, alikuwa juu ya ngazi akisafisha chekeche.

"Dada mhandisi," Shomvi akaita alipomwona amefika mlangoni. "Samahani. Jasho linaniingia machoni na mikono ndiyo hii. Naomba unisaidie maji kidogo ninawe uso."

"Maji ya nini?"

"Ya kunawa."

Sechelela alikuwa tayari ameshika kitasa. Hakukizungusha.

Nyavuni, maji yalikuwa ya kunywa na kupikia. Vyombo vilisuguliwa kwa majivu na mchanga. Uso na mikono vilifutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na hiyo waliita kujipangusa. Vizazi vitatu vilikuwa vimepita tangu mtu wa hapa amwage maji mikononi akayaacha matone yaende zake. Neno kunawa lilikuwa limebaki bila kazi, na lilipokuja jambo jipya lisilo na jina, watu wakaliokota wakalitumia. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwingineko bado lilikuwa na kazi yake ya zamani.

Alirudi akakaa kwenye kigoda.

"Juzi, pale kinuni," akasema polepole, "ulinawa na nini?"

Shomvi alimshangaa. "Na maji, na nini tena? Nilikuwa na chupa yangu ya mgawo. Na kipande cha sabuni nilichokuja nacho kutoka kwetu. Nikakuta kibao kimeandikwa NAWA KWANZA. Nikasema, eti hawa ndugu zetu tunaambiwa hawana maji, lakini wana ustaarabu! Unga wa watu lazima ushikwe na mikono safi. Nikanawa mpaka viwiko. Chupa nzima, dada. Siku ile sikunywa maji mpaka waliponinywesha hapa mchana."

"Na nguzo? Nguzo ya shaba pale mlangoni hukuiona?"

"Niliiona. Inang'aa vile, imezungushiwa mawe meupe, nikadhani ni kaburi la mzee wenu. Mgeni anashikaje kaburi la watu?"

Kicheko kilimpanda Sechelela kifuani kikageuka kitu kingine njiani. "Kule bweni la wageni hawakukuonyesha?"

"Bwenini hakuna nguzo." Na kweli hakukuwa na nguzo, sakafu yote ya bweni ilikuwa wavu wa shaba, iliwanawisha wageni wenyewe wakitembea pekupeku bila kujua. "Walituambia tu, mkitoka hapa, popote mnapoingia mnanawa kwanza. Nikasema sawa, hilo si gumu. Na kinu ndicho kilichokuwa cha kwanza."

Sechelela alichukua kikombe cha maji kilichokuwa mezani, akalowesha kona ya kitambaa, akampangusa uso mgonjwa wake. Akaona haya. Maana kibao kile kilikuwa na mwandishi, na mwandishi huyo hakuwa mbali.

*

Kinuni kulibaki kuta na harufu ya uwele ulioungua. Kibao kilikuwa bado kimesimama. Sechelela alikipaka rangi kwa mkono wake miaka minne iliyopita, wiki aliyokabidhiwa nyavu na usalama wa mji. Kabla yake palikuwa na kibao kirefu cha mtangulizi wake: SHIKA NGUZO YA SHABA KWA KIGANJA KABLA YA KUINGIA. Alikiondoa. Alikumbuka hata maneno aliyosema siku ile, watu wakacheka: "Maneno tisa kwa jambo la neno moja! Nani hapa asiyejua kunawa?"

Nyani haoni kundule. Aliliona jiwe bapa kando ya mlango, na juu yake kipande cha sabuni, kimekauka na kupasuka kwa jua. Wachunguzi walikipita mara ngapi? Yeye mwenyewe alikipita mara mbili.

Akatoa karatasi ya kumbukumbu ya kipimo. Mstari ulipanda pole pole tangu Shomvi alipotoka bwenini, ukafika volti elfu ishirini na moja saa nne na dakika tano. Hapo ukalala dakika moja hivi. Halafu ukaruka mara mbili, hop, hop, mpaka elfu ishirini na sita. Jana aliiona miruko hiyo, akaandika pembeni kwa haraka: *mtikisiko wa kifaa*. Sasa aliielewa kama anayemtazama Shomvi mwenyewe. Dakika moja ya kunawa. Maji kutoka chupa ya plastiki, yakidondoka tone tone, mtu akiwa juu ya soli za mpira, hayana njia ya kuipeleka chaji ardhini. Kisha amejipangusa mikono kwenye ovaroli ya nyuzi za plastiki, upande huu, na upande huu. Msuguano. Alipomaliza kujisafisha ndipo alipokuwa hatari zaidi.

Kipimo hakikuharibika na Shomvi hakudanganya. Sechelela alikaa chini kwenye vumbi, mhandisi mzima, akapiga ardhi kwa ngumi mpaka ngumi ikauma.

*

Ofisini kwake, Mwenyekiti wa baraza Mazoya alisikiliza mpaka mwisho. Ndiye aliyemfundisha Sechelela kupanda nyavu, zamani, alipokuwa na nywele. Alipomaliza kusikiliza aliivua miwani akaifuta, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee, hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Ndilo. Nani?"

"Mimi na yeye. Na yeye hajui anachokijua."

"Vizuri. Basi tuzungumze kama watu wazima. Sheria inasema nini juu ya fundi ambaye kazi yake imeua?"

"Anavuliwa kazi siku hiyo hiyo. Nimeiandika mimi."

"Umeiandika wewe. Na msimu wa vumbi kubwa unaanza lini?"

Zilibaki siku tisa.

"Mitungi ya zahanati ina chaji ya siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na ni nani mwingine anayeweza kuzifunga nyavu mia nne zikaelekea upepo bila kupasuana?"

"Mzee, usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii mimi. Mambo ndivyo yalivyo." Mazoya akairudisha miwani machoni. "Kule zahanati kuna watoto wanne kwenye mashine za kupumulia. Kuna huyo mgeni wako pia. Ukisema kesho uliyoniambia, itabidi nikuvue kazi, maana watu watanitazama. Ukinyamaza, mgeni yule tutampa maji, chakula, hata punda. Tutamsindikiza mpaka njia panda."

"Atakufa na punda wako."

"Huenda. Na huenda asife. Wale watoto hawana huenda."

"Basi badilisha sheria! Ahirisha kunivua mpaka msimu uishe!"

"Niibadilishe kwa ajili ya mhandisi, juma lile lile nililokataa kuibadilisha kwa mgeni?" Mazoya alitikisa kichwa. "Baraza litasambaratika. Mwanangu, jambo hili linawie mikono. Wakubwa kabla yako wamenawa mikono kwa makubwa zaidi, na miji ikasimama."

Hata Mazoya alisikia alichokisema. Walitazamana. Hiyo ilikuwa maana ya tatu ya neno lile, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

"Angalau tubadilishe kibao," Sechelela akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Leo. Kabla hajaja mgeni mwingine."

"Tukikibadilisha leo, kesho wataniuliza kwa nini."

Alitoka bila kuaga. Kule nje alitukana upepo, akatukana vumbi, akamtukana na mtu wa kwanza aliyeliokota neno la maji akalitwika shaba. Kisha akajitukana mwenyewe, na hilo ndilo lililodumu mpaka asubuhi.

*

"Mbukwenyi," Mazoya aliwasalimu watu, nao wakaitikia kwa mnong'ono. Ukumbi ulijaa. Mlangoni nguzo ya shaba ilikuwa imeng'arishwa na viganja vya wote walioingia. Kwenye meza ya wazee palikuwa na jagi la maji, heshima ya baraza, na Mama Nyemo alikaa mbele kabisa na kanga nyeusi mabegani. Bila neno la aliyefiwa, hukumu ya Nyavuni haikamiliki.

Shomvi aliingizwa na walinzi wawili, waliomshika kila mmoja upande wake na kunawa kwa niaba yake. Mambo yalikwenda haraka. Kipimo kilisomwa. Shomvi akaulizwa, akasema alinawa. Ukumbi ukaguna.

"Njia ya mwongo ni fupi," mtu akasema nyuma.

"Mhandisi," Mazoya akamgeukia Sechelela, na macho yake yalikuwa yakimsihi. "Taarifa yako unaithibitisha?"

Sechelela alisimama. Usiku kucha alikuwa ameandaa maneno kuhusu miruko ya mstari, na sabuni, na chupa ya plastiki. Yote yalimtoka kichwani. Aliwatazama watu mia tatu anaowajua kwa majina akajua wasingeamini mstari kwenye karatasi, kama yeye alivyoshindwa kumwamini mtu kwa sababu ya mstari kwenye karatasi.

"Shomvi," akasema. "Ovaroli yako ina vumbi, na walinzi wamekuachia. Nataka nikupe mkono mbele ya watu hawa. Lakini nawa kwanza."

Shomvi akawatazama walinzi, akaona hakuna anayemzuia. Akapita kando ya nguzo ya shaba bila hata kuitupia jicho. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya wazee, akasimama mbele ya jagi, akainua mikono yake yenye bandeji, akageuka kwa unyenyekevu.

"Samahani wazee wangu," akasema, "nani atanimiminia?"

Ilipita muda kabla ya mtu kuelewa. Kisha bibi mmoja wa nyuma kabisa, aliyekuwa mzee kuliko mitungi, akasema, "Ee Mungu wangu," na neno likaanza kutembea kutoka benchi hadi benchi. Sechelela aliona nyuso zikibadilika.

"Alinawa," akasema. Alikuwa analia na hakujali. "Alinawa kwa mgawo wake wa kunywa, kwa sababu kibao kilimwambia anawe. Zamani palikuwa na kibao kinachosema shika nguzo. Nilikiondoa mimi. Niliona kina maneno mengi. Mwenyekiti, sithibitishi taarifa ile. Niliyemuua Nyemo ni mimi."

Kelele zikalipuka. Wengine walidai avuliwe kazi pale pale, wengine waliuliza nyavu atazifunga nani, wakatajana, wakatukanana, na Mazoya akagonga meza mpaka jagi likatikisika. Hakuna aliyemsikiliza. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, Sechelela akawaza: jambo likiwa na njia mbili mbaya, watu hukimbilia kelele.

Ndipo Mama Nyemo aliposimama, na kwa heshima ya msiba wake kelele zikafa.

Alikwenda mezani. Akalichukua jagi la baraza, akamvuta Shomvi karibu, akamimina maji taratibu juu ya ncha za vidole zilizochomoza kwenye bandeji. Maji yalitiririka sakafuni, maji ya kunywa, mbele ya watu ambao tangu kuzaliwa hawajaona jambo hilo.

"Ndivyo mnavyofanya kwenu?" akamuuliza.

"Ndivyo, mama."

"Basi umenawa. Utakaa kwangu mpaka mikono ipone." Akaliweka jagi. Halafu akamgeukia Sechelela, aliyekuwa amenyoosha mkono wake wa kulia bila kujua ameunyoosha saa ngapi.

"Wewe nyavu utazifunga," Mama Nyemo akasema. "Watoto wa watu hawana kosa, na hilo ni neno langu, Mwenyekiti, andika. Sheria yenu mtajua wenyewe upepo ukiisha. Lakini mkono sikupi." Akautazama mkono ule uliokuwa hewani. "Wewe bado hujanawa."

Akakaa.

Sechelela alitembea kati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na watu wakampisha. Zilikuwa zimebaki siku nane, na kibao cha kupakwa upya kabla ya jua kutua. Alipofika kwenye nguzo mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye shaba, kama ulivyokwenda maisha yake yote. Mshale wa kipimo ukashuka mpaka sifuri. Aliutazama, akaondoa mkono, kisha akaishika tena.